Sahani ya Mtasema

Harufu ya dagaa wakavu ikishaingia kwenye sweta ya shule haitoki tena. Uifue kwa sabuni ya mche, uianike juani siku mbili, uitundike dirishani, itakungoja palepale. Wenzangu wa rika langu mliovaa zile sweta za bluu zilizofumwa kwa mashine mnanielewa. Mfuko wa kulia wa sweta yangu ulinuka dagaa mwaka mzima, maana ndio uliokuwa ghala la mbwa wangu siku za Jumamosi. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni nasubiri kupimiwa maharage, mama mmoja pembeni yangu akafungua gunia la dagaa, na harufu ikanipiga usoni. Niliacha maharage nikaondoka. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na mtu aliyenisalimia njiani sikumwitikia.

Hasira yenyewe ni ya baba yangu. Yupo, mzima, ana mvi zake za heshima, na kila anayemfahamu huniambia nina bahati kuwa na baba mpole namna ile. Ni kweli ni mpole. Hakuwahi kunichapa, hakuwahi kumfokea mama mbele yetu, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, yule anayesimama mlangoni na kuwapa wageni kitabu cha nyimbo. Nataka mjue hayo yote kabla sijaendelea, msije mkadhani nimelelewa na mlevi.

Tulikaa Levolosi, mtaa wa mjini, nyumba ya vyumba vitatu iliyobanana na za majirani kushoto, kulia na nyuma. Uwani kulikuwa na bomba la maji, mtaro wenye migomba mitano ambayo mama aliitunza kama vile bado yuko kwao Machame, na banda la mbwa. Mama aliuza vitenge. Baba aliendesha watalii, kwa hiyo wiki nyingine tulimwona na nyingine hatukumwona.

Mbwa wetu aliitwa Mtasema. Jina alipewa na mama siku mbwa alipoletwa akiwa mdogo, baada ya jirani yetu Mama Glori kulalamika juu ya ukuta kwamba sasa mtaa utajaa viroboto. Mama akajibu kwa sauti ya kusikika nyumba tatu kwamba mbwa ameshapata jina. Mtasema alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, na kazi yake ilikuwa ileile ya mbwa wote wa mtaa wetu: mchana anafungiwa bandani, giza likiingia anafunguliwa abweke. Hakuna aliyemshika kichwa. Hakuna aliyemtembeza. Mbwa wa kutembezwa tuliwaona Njiro kwa Wazungu, na tuliwacheka mbwa pamoja na wenye mbwa.

Kilichobadilisha mambo ni mgeni mmoja aliyemwachia baba kifaa cha jipiesi, cha kumwonyesha mtu njia, kidogo kama redio ya mfukoni, chenye antena fupi na skrini ya kijivu. Alimwachia pamoja na mchezo wake. Watu duniani kote, baba alituambia mezani, wanaficha makopo na vikasha porini na mijini, kisha wanaandika kwenye intaneti namba za mahali walipoficha. Wewe unaingiza namba kwenye kifaa, unafuata mshale, unatafuta. Ukipata kopo unaandika jina lako kwenye daftari lililomo. Ukichukua kitu, unaacha kitu. Halafu unalirudisha palepale, mwingine naye aje kutafuta.

"Na aliyeficha anapata nini?" mama aliuliza.

"Hapati kitu. Ni mchezo tu."

"Aisee," mama akasema, akaendelea kupakua chakula.

Kopo la kwanza lilitutoa jasho. Lilikuwa Engutoto, kwenye mawe ya pembeni mwa korongo, na tulizunguka saa nzima, mshale ukituambia tumefika na macho yakituambia hakuna kitu. Mtasema tulikuwa tumemchukua kwa sababu baba alisikia huko kuna vibaka. Tulipokuwa tumekata tamaa, yeye akaanza kuchimba chini ya jiwe moja kwa miguu ya mbele huku akilia puani. Kikasha kilikuwa humo ndani, na humo ndani ya kikasha kulikuwa na biskuti ambayo mjinga fulani aliiacha kama zawadi. Baba alicheka hadi akakaa chini. Sikuwahi kumwona baba yangu amekaa chini kwenye vumbi akicheka.

Tangu siku hiyo tulikuwa watatu. Kila Jumamosi baba asipokuwa na safari, tuliingia kwenye Suzuki yake chakavu, Mtasema kiti cha nyuma kichwa nje ya dirisha, na Mama Glori getini kwake mikono kiunoni.

"Jamani mmekuwa Wazungu! Mbwa anapelekwa matembezi, wanangu hata Olmotonyi hawapajui!"

"Waje, nafasi ipo," baba angejibu, na Mama Glori angecheka na kurudi ndani, maana nani atapanda gari moja na mbwa.

Mimi ndiye niliyemfundisha Mtasema kazi. Nilichukua kopo tupu nikalificha nyuma ya banda, nikasema "Kopo!" na alipolifikia nikampa dagaa. Nikalificha kwenye migomba, nikampa dagaa. Mwezi haukuisha, alikuwa anajua kila kitu: kulitafuta, kukaa chini kando yake, kuweka mguu mmoja wa mbele juu yake, na kugeuza kichwa kunitazama akisubiri haki yake. Hata kama hukusema neno. Akiliona kopo tu, anakaa, anaweka mguu, anageuka. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimewahi kumfundisha mtu yeyote kitu chochote, kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyojiona.

Nasema haya bila kuyapamba kwa sababu furaha ile ndiyo inayonikera zaidi. Baba wa Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaimba. Alikuwa anakimbizana na mbwa kwenye misonobari hadi kofia inamdondoka. Laiti angekuwa siku zote mtu wa kukaa kimya na gazeti lake, yaliyofuata ningeyasahau.

Makopo ya karibu na mji yalikuwa machache na tuliyamaliza. Ndipo baba akasema tufiche la kwetu. Tulichagua kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa plastiki, tukachukua na mfuko mweusi wa kulifungia lisiingie maji, tukaenda nalo Olmotonyi, juu ya mashamba, pale msitu unapoanzia na mfereji wa maji unapopita. Kulikuwa na mringaringa mkubwa wenye mizizi iliyojitokeza kama vidole vya miguu. Baba alisema watalii watapapenda. Aliweka daftari, penseli, ushanga wa mkononi na kadi ya posta yenye picha ya twiga.

Kwenye njia ile tulikuwa na rafiki. Jina lake Naserian, mtoto wa rika langu, na kila tulipopita tulimkuta akikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Waarusha wa huku hufuga ng'ombe na kulima hapohapo, na majani ni kazi ya kila siku. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya familia yetu kumgusa Mtasema. Alimkuna nyuma ya lile sikio lililolala, Mtasema akafumba macho, na mimi nikasikia wivu kidogo, kisha nikampenda. Alinifundisha salamu ya kwao, "takwenya", na nikamfundisha neno "jipiesi". Siku tuliyokuwa tunakwenda kuficha kopo nilimwuliza majina ya ndugu zake wote, akanitajia akihesabu kwa vidole.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Baba aliponiachia kopo nilifunge, mimi niliandika kwenye daftari majina ya wale niliotaka wawe kikundi chetu. Jina langu sikuandika. Baba alikuwa amesema aliyeficha haandiki. Niliandika Naserian, nikaandika ndugu zake wanne, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, mstari mmoja mmoja. Kisha nikaweka zawadi yangu: kishungi cha manyoya ya Mtasema nilichokikata nyumbani kwa mkasi wa mama, nikakifunga kwa uzi mwekundu na mafundo saba, kila fundo kwa siku moja ya wiki. Nilitaka Mzungu atakayefungua amfahamu mbwa wetu japo kwa kumshika.

"Umeweka nini?" baba aliuliza.

"Zawadi."

"Safi sana, mama," akasema, akalifunga kwa mfuko na kulifukia katikati ya mizizi.

Wewe unayesoma umeshaona. Mtu yeyote mzima aliyekulia nchi hii angeona. Manyoya, uzi mwekundu, mafundo, na majina ya watoto wa nyumba moja, ndani ya kopo lililofungwa na mfuko mweusi na kufukiwa chini ya mti. Bibi yangu wa Machame, Mlutheri wa kufa na kupona, angekutana na kitu hicho shambani kwake angepiga kelele hadi mchungaji aje. Mimi niliona zawadi. Baba hakuona kitu, kwa sababu hakufungua kuangalia.

Wiki tatu baadaye tulirudi kulikagua. Kulikuwa na ukungu, mlima Meru wote umefunikwa. Naserian hakuwepo njiani. Tulipofika kwenye mfereji baba alimfungua Mtasema kamba kama kawaida, naye akabaki nyuma kunywa maji, sisi tukatangulia. Kwenye mringaringa tulikuta watu, labda ishirini, wamesimama kwa duara. Katikati, juu ya jani la mgomba, kopo letu lilikuwa wazi. Daftari lilikuwa limelala kando likiwa limefunguka, na kishungi changu cha manyoya kilikuwa peke yake mbali kidogo, kimesukumwa kwa kijiti. Hakuna aliyekuwa tayari kukigusa kwa mkono.

"Shikamoo mzee," baba alimwambia mzee aliyesimama mbele, mwenye fimbo na koti refu la mvua.

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Mjini. Tunatembea tu na mtoto."

"Leo sio siku ya kutembea huku," yule mzee alisema, bila ukali. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa pale. Akaeleza kwamba mama mmoja alikuwa anakata majani akaona mfuko mweusi kwenye mizizi. Ndani kuna majina ya watoto wake watano. Mmoja wao, Naserian, yuko kitandani siku ya nne, homa haishuki, na zahanati wamempa dawa na hazisaidii. Mama mwenyewe alikuwa pale. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

Nilimtazama baba. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba sasa atasema. Atatoa jipiesi mfukoni, atawaonyesha mshale, atawaambia ni mchezo, watacheka, tutampelekea Naserian machungwa. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Ndipo Mtasema akaja. Alitokea kwenye ukungu mbio, akapenya katikati ya miguu ya watu, akaliona kopo, na akafanya nilivyomfundisha. Alikaa chini kando yake. Akaweka mguu wa mbele juu yake. Akageuza kichwa akanitazama, mkia ukifagia majani.

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja alitaja jina la Yesu.

"Mbwa wa nani huyu?" balozi aliuliza.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika dagaa. Baba alinishika kifundo cha mkono akakibana humohumo, na kwa mkono wake mwingine niliona kamba ya Mtasema ikisukumwa taratibu ndani ya mfuko wa koti.

"Simjui," baba alisema.

"Amekuja kwa njia mliyojia ninyi."

"Mbwa hufuata watu. Hata sisi tumemwona leo tu. Simjui huyu mbwa."

Mtasema bado alikuwa ananitazama. Alikuwa anasubiri dagaa wake. Aliinua ule mguu, akaurudisha tena juu ya kopo kwa nguvu zaidi, kama vile labda sikuona mara ya kwanza.

"Basi mwenye kopo ndiye mwenye mbwa," mtu mmoja alisema nyuma. "Amemtuma aje alinde."

Balozi alimwambia baba kwa upole aniondoe, haya si ya mtoto kuona. Baba akasema asante mzee. Alisema asante! Akanigeuza, tukashuka. Nilipotaka kugeuka alinishika kisogo kwa kiganja. Tulipofika kona ya mfereji nilisikia mbwa akilia mara moja, kwa sauti nyembamba, kisha vishindo, kisha watu wakizungumza kwa sauti ya kawaida.

Siwalaumu watu wale. Nimewafikiria sana na siwalaumu. Walikuwa na mtoto mgonjwa, wakakuta jina lake limefukiwa, na aliyekuwa na maelezo alisimama mbele yao akasema anatembea tu. Mimi ndiye niliyeandika majina. Mimi ndiye niliyefunga mafundo. Hilo nalibeba na sijamtafutia mtu wa kunisaidia kulibeba.

Ndani ya gari nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Baba hakuwasha gari. Alingoja, kisha akanifuta uso kwa leso yake akasema, "Mama, nisikilize. Yule hakuwa Mtasema."

Nikageuka kumtazama.

"Mtasema tulimwacha anakunywa maji, si ndiyo? Yule alikuwa mbwa wa kijijini, wanafanana tu. Mtasema ameogopa kelele amekimbia. Mbwa anajua kwao, atarudi."

Na mimi nikaamini. Ningewezaje kuacha kuamini? Ni kweli tulimwacha mferejini. Ni kweli mbwa wa kahawia ni wengi. Na ule mguu juu ya kopo? Nililipatia hata hilo jibu: labda Naserian alimfundisha mbwa wao mchezo wangu. Baba yangu hakuwa mtu wa kudanganya, alikuwa mzee wa kanisa, na kama baba asiyedanganya amesema mbwa mbele yake hamjui, basi ni kweli hamjui. Niliona aibu kwamba nilimfananisha Mtasema wangu na mbwa wa watu.

Jioni ile baba mwenyewe ndiye aliyenipa wazo la sahani. "Mwekee chakula pale nyuma ya banda," alisema. "Akirudi tumelala, atakula." Niliweka ugali na mchuzi kwenye sahani ya bati. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, imelambwa ikang'aa.

"Unaona?" baba alisema. "Amekuja."

"Mbona hakukaa?"

"Bado ana woga. Taratibu atazoea."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, siku baada ya siku, majuma na majuma. Nilimwekea nyama yangu mwenyewe. Nilikuwa natoa pande langu kwenye sahani yangu, nasema nimeshiba, nampelekea. Shuleni niliwaeleza wenzangu kwamba mbwa wangu anakuja kula na kuondoka kama askari wa siri. Kwenye shule ya Jumapili, mwalimu alipouliza nani ana jambo la kushukuru, nilisimama mbele ya watoto wote nikamshukuru Mungu kwa kumlinda Mtasema porini. Baba alikuwa amesimama mlangoni na vitabu vyake vya nyimbo. Alisikia. Alisema amina.

Kuna mtu ataniambia alinihurumia. Nimeshaambiwa, na mama akiwa wa kwanza. Miaka michache iliyopita nilimwuliza baba mwenyewe, kwa mara ya kwanza na pekee, tukiwa wawili tu sebuleni kwake.

"Nilikuwa nimekushika wewe mkononi," alisema. "Watu ishirini. Ningefanya nini?"

"Pale hukuwa na la kufanya," nikamwambia. "Nakuuliza Jumapili. Nakuuliza Jumatatu. Ungeweza kurudi kwa yule balozi na mchungaji, au na polisi, au na mtu yeyote, ukamwambia ni mchezo wa watoto. Yule mama alikuwa amekaa chini mikono kichwani, baba."

"Wangesema mzee wa kanisa anafukia makopo."

Alisema hivyohivyo. Baada ya miaka yote hiyo, hilo ndilo lililokuwa jibu. Sijui kama Naserian alipona. Sijui kama mama yake alilala vizuri hata siku moja tangu pale, au kama walihama, au kama walimshuku jirani fulani asiye na hatia. Baba angeweza kujua kwa nusu saa ya gari, na hakwenda, wala hakuruhusu jina la Olmotonyi litajwe mezani kwetu. Nilipokuwa mkubwa nikaenda mwenyewe. Njia ilishabadilika, watu niliowauliza hawakuelewa nazungumzia nini au hawakutaka kuelewa, na nikarudi mjini.

Siku niliyojua, nilikuwa nimeamka mapema kwa furaha. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwangu na nilikuwa nimeamua nitamwona Mtasema kwa macho yangu, hata kama ni kwa mbali. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, paa la Mama Glori linaonekana. Nilichungulia kwenye dirisha la jikoni. Baba alikuwa uwani amevaa sweta na kandambili. Alichukua sahani nyuma ya banda, akaenda kwenye mtaro, akaimwaga chini ya migomba, akafukia kwa mguu. Kisha akaenda kwenye bomba, akaisugua sahani kwa vidole vyake, polepole ili bomba lisipige kelele, akairudisha mahali pake. Alikuwa anaifanya kazi ile kwa uzoefu, bila hata kuangalia anakokanyaga.

Sikupiga kelele. Nilirudi kitandani nikajifunika gubigubi, na pale chini ya blanketi nikamwona Mtasema anageuza kichwa, nikajua alikuwa yeye, tangu mwanzo alikuwa yeye. Halafu kitu kilichonijia hakikuwa kilio. Kilikuwa hasira safi, ya mtoto, isiyo na huruma hata chembe. Jioni nikapeleka sahani kama kawaida. Kesho yake nikapeleka. Niliomba mama aniongezee mchuzi. Kila siku nililala nikijua kwamba baba yangu lazima aamke kabla ya kila mtu, kwenye baridi ile ya Julai inayoshuka kutoka mlimani, akamwage chakula cha mbwa aliyemkana. Akiwa na homa aliamka. Akirudi amechoka kutoka safarini aliamka. Nilikuwa nasikia mlango.

Baada ya majuma mawili nilitoka nje nikasimama kwenye mlango wa jikoni, sijajificha. Alikuwa ameinama bombani, sahani mkononi, mafuta ya nyama yamemganda vidoleni. Aliponiona alishtuka. Nilimsubiri. Nawaambieni kweli, nilimsubiri kwa moyo wangu wote. Angesema neno moja tu la kweli ningemkimbilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umeamka mapema." Aliiinua sahani kunionyesha, maji yakamchuruzika mkononi hadi kwenye mkono wa sweta. "Amekuja leo. Amekula yote."

"Najua," nikasema. "Nimemwona."

Alibaki ameishika sahani hivyohivyo, juu. Alinitazama muda mrefu, nikamtazama, na ni yeye aliyeshusha macho. Aliikausha sahani kwa pindo la sweta yake, akaiweka nyuma ya banda, akapita pembeni yangu kuingia ndani.

Jioni ile nikaijaza sahani hadi pomoni, nikaiweka palepale. Asubuhi nikaamka kabla yake, nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni kumsubiri.